Mlango Nilioupa Jina la Opala

Gracia, aliyerithi meza yangu, aliniomba niandike kurasa chache kabla sijasahau. Nilimjibu kwamba mimi sisahau kitu, na ndiyo maana nilikaa kazini mpaka nywele zikaniacha. Lakini nimeandika, kwa sababu ninyi mnaobaki katika ile ofisi ya pili upande wa kushoto mtakutana na mambo ambayo vitabu vya maelekezo haviyataji, na mimi nimekutana nayo yote. Wengine watasema najisifu. Wanaosema hivyo waangalie kwanza ukutani: diploma yangu bado inaning'inia pale, na kioo chake nilikinunua mwenyewe.

Niliondoka Kisangani nikiwa kijana wa mtaa wa Mangobo asiyejua kompyuta inawashwa upande gani. Nilipita Bunia, nikapita Kampala, nikaishia Dar es Salaam, ambako nilibeba makasha ya nyaya kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Hakuna tonton, yaani mjomba, aliyenilipia shule. Masomo ya mitandao niliyafanya jioni, miaka miwili, nikiwa na vumbi la dari kichwani, nikapata diploma yangu mbele ya wenzangu waliofika darasani kwa gari. Tangu niliporudi nyumbani watu wananiita Papa Ingénieur. Sikuwahi kuwa mhandisi. Sikuwahi pia kumsahihisha mtu.

Aliyenifundisha kazi hasa si chuo, ni Bi Rukia, mkuu wa chumba cha mashine katika kampuni iliyoniajiri baada ya diploma. Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Alinitazama, akasikiliza salamu yangu, akasema, "Deo, Kiswahili chako kimetembea pekupeku toka Kongo mpaka hapa. Kipumzishe. Leo hutagusa mashine."

Akanipeleka kukaa na mlinzi wa lango kuu la jengo, asubuhi nzima, na daftari. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila aliyeingia na kwa nini aliruhusiwa. Mlinzi yule alikuwa mkali. Aliwauliza makarani, akawauliza wageni, akamrudisha mwanamke mmoja aliyesahau kitambulisho. Kisha akaja mwanamume mwenye ngazi begani. Mlinzi akasogea, akamshikia mlango, akamwambia pole na kazi.

Nilipompelekea Bi Rukia daftari, alipitisha kidole mpaka kwenye mstari ule. "Huyu wa ngazi alikuwa nani?"

"Fundi."

"Nani kakwambia?"

"Alikuwa na ngazi, Bi Rukia."

"Haya. Mwenye ngazi haulizwi. Kumbuka hilo siku utakapokuwa wewe ndiye mlinzi."

Kuanzia hapo alinizoesha kwamba kila ruhusa ninayoitoa kwenye mtandao lazima niiandike daftarini kwa maswali manne: nani, anatokea wapi, anataka nini, na hadi lini. Nimejaza madaftari kumi na moja. Yako kwenye kabati la chuma. Msiyatupe kwa sababu ya mende. Mende hawali wino.

Niliporudi Kisangani na masanduku mawili, niliajiriwa hapa, kwenye ghala la dawa linalohudumia vituo vya afya vya jimbo la Tshopo. Mashine iliyotunza kumbukumbu zote, yaani dawa zipi zipo, zimekwenda kituo gani, nani anazisubiri, ilikaa chini ya meza ya mtangulizi wangu. Aliweka miguu juu yake. Joto la mchana, jenereta inayokohoa na panya mmoja mwenye bidii vilishirikiana kuiua. Nilichukua siku tisa kuokoa kilichookolewa, na nasema bila haya kwamba mwingine angeokoa nusu.

Baada ya hapo tukahamia kwenye hifadhidata ya kukodi, ile wanayoiita ya mawingu. Wale wa ghalani watakaosoma haya kwa udadisi niwaeleze. Kampuni kubwa inaweka mashine zake nchi ya mbali, inazipoza, inazilinda, inatunza nakala. Sisi tunatumia tu kupitia mtandao. Panya wao si shida yetu. Lakini jambo moja hawalifanyi kwa niaba yako: kuamua nani anaruhusiwa kubisha hodi. Unaandika orodha ya anwani za mtandao zinazokubaliwa, na anayetoka kwenye anwani nyingine anakataliwa mlangoni, hata kama nenosiri lake ni sahihi. Mtambo unakuuliza kwa upole tu: nifungue kwa nani?

Mtangulizi wangu, kabla hajaondoka, alikuwa amejibu: kwa wote. Dunia nzima. Simlaumu sana. Kila umeme ulipokatika na jenereta ikawashwa, modemu yetu iliamka na anwani mpya, ofisi nzima ikafungiwa nje, na watu wakamjia na maneno makali. Akafungua lango lote ili apate kula lituma lake, zile ndizi za kutwanga, kwa amani.

Mimi nililifunga wiki ya kwanza. Nilitafuta huduma ya setilaiti inayotoa anwani isiyobadilika, nikapanda juu ya paa mwenyewe kuelekeza dishi, nikaandika anwani hiyo moja kwenye orodha. Siku ya tatu akapiga simu mkurugenzi wetu, Papa Likunde, mtu mwema mwenye sauti ya kuvusha mto.

"Ingénieur! Niko hapa Bengamisa, mbele ya médecin wa kituo, na machine yako inanikatalia. Mimi njo directeur, ao hapana?"

"Njo weye, Papa Directeur. Lakini haikujue kwa uso. Inajua fasi, anwani ile unatokea."

"Alors, fungulia dunia yote kama zamani!"

"Papa, dunia yote iko na wezi mingi kuliko Bengamisa."

Alikata simu. Mwezi uliofuata aliidhinisha dishi la Bengamisa, akawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi hapa: nilikuwa sahihi, na niliwaachia wengine wapige picha.

Sasa nifike Opala, maana ndiko nilikokuwa si sahihi, na Gracia ameniambia kwamba kurasa hizi zisipokuwa na Opala hatazichapa.

Maman Albertine alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha huko, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Katika kabati lake la mbao, lenye kufuli, alikuwa na rejista ya watu wanaomeza dawa kila siku kwa ugonjwa ambao hawataki jirani aujue. Opala si mji mkubwa. Ukipiga chafya sokoni, jioni watu watatu wanakuletea majani ya kuchemsha. Watu wale walikuja kwake kwa sababu moja tu, kwamba aliwaahidi. Dozi zao zilikuwa zinafika pungufu kwa kuwa sisi ghalani tulikisia idadi. Tukamwomba aingize rejista kwenye mtambo, ili kila mmoja apangiwe dawa zake. Alikuja Kisangani kwa mafunzo, akanifuata mpaka mezani.

"Papa Ingénieur, ile mawingu yako iko na kufuli?"

Nilimpa hotuba. Nilimwambia juu ya orodha, juu ya dishi, juu ya Dar es Salaam na diploma. Alinisikiliza jinsi muuguzi anavyomsikiliza mgonjwa anayesema hanywi pombe.

"Bagonjwa yangu nilibaambia: jina yako haitatoka mu kabati yangu. Ikitoka, ni mimi nilidanganya. Donc weye unanipa nini?"

"Nakupa neno langu, Maman."

"Ya diploma, ao ya mutu?"

"Ya vyote viwili."

Aliingiza majina.

Opala hakukuwa na dishi. Maman Albertine alitumia kompyuta ndogo iliyounganishwa na simu yake. Nilimwambia aunganishe, nikatazama anwani anayotokea, nikaiandika kwenye orodha na kuipa jina: Opala. Kwenye daftari nikajaza maswali manne kwa mwandiko mzuri. Nani: Albertine. Anatokea wapi: Opala. Wiki zikapita, anwani haikubadilika, na mimi nikajipongeza mbele ya watu, zaidi ya mara moja.

Ninyi mlio na shule mpya mmeshaliona kosa. Mimi sikuliona kwa miezi minane.

Lilijitokeza asubuhi ya Jumatatu. Nilikuwa na desturi ya kusoma kumbukumbu za kuingia kila Jumatatu kabla ya chai, na mwendelee nayo. Niliona mtu anabisha hodi. Alijaribu jina la mtumiaji, nenosiri, akakosea. Akajaribu tena, akakosea. Kurasa mbili nzima, tangu Jumamosi. Nikatazama anatokea mlango upi. Opala.

Damu ilinipanda. Nikajisemea, Maman Albertine ameazimisha kompyuta. Simu yake haikupatikana, kwa hiyo nikaenda kwenye phonie, ile redio ambayo vituo vyote vya jimbo huongea kupitia masafa mamoja. Sikuwa na subira ya kumwita pembeni. Nilikamata kipaza sauti nikasema wazi kwamba kuna mtu Opala anacheza na mtambo, kwamba nenosiri si chumvi ya kuazimana na jirani, na kwamba namtaka Maman Albertine anieleze amempa nani. Nikamaliza kwa neno letu la kumpa mwingine zamu: À vous.

Kwanza ule mlio wa hewa. Kisha sauti yake, bila haraka.

"Papa Ingénieur, bonjour kwanza. Opala hakuna réseau ya téléphone tangu siku ya tano, njo Ijumaa. Pylône, ile munara, iko bila mafuta ya mazout. Téléphone yangu inatumika kama lampe tu. Huyu mutu wa Opala unaona, anapita wapi? À vous."

Nilianza kuhesabu siku kwa vidole. Hapo sauti nyingine ikaingia, ya mwanamume wa kituo kingine.

"Papa Ingénieur, hapa Yahuma. Batu bote banasikia. Jibu basi. À vous."

Nilijua jibu kabla sijafika mezani kwangu. Anwani ile haikuwa ya Opala. Haikuwa ya simu ya Maman Albertine pia. Kampuni ya simu ina milango michache ya kutokea kwenda kwenye mtandao wa dunia, na maelfu ya wateja wake, wa Opala, wa Kinshasa, wa popote, hutoka kupitia milango ileile. Nilikuwa nimeandika jina la mji mmoja juu ya lango la umati, halafu nikalisoma jina hilo nililolitunga mwenyewe na kuliamini. Mtu alikuja na ngazi begani, na mimi nikamshikia mlango.

Niliufuta mstari ule kwenye orodha, na mbisha hodi akakatika palepale. Halafu nikasoma kumbukumbu zote za miezi minane, mstari kwa mstari, siku mbili, nikitafuta hata mara moja ambapo mgeni alifanikiwa. Hakufanikiwa. Nenosiri la Maman Albertine lilikuwa sentensi ndefu ya sala, yenye herufi kubwa mahali pa Bwana. Yeye ndiye aliyeyalinda majina. Si mimi.

Ningeweza kunyamaza. Orodha ilikuwa imefungwa, hakuna aliyeingia, na Papa Likunde hakuelewa tofauti. Lakini Opala sasa haikuwa na njia ya kuingia, na neno langu lilikuwa kule kwenye kabati lake. Nikavuka mto kwa pirogi, ule mtumbwi wa gogo, hadi ng'ambo ya Lubunga, nikapanda pikipiki, na baada ya siku mbili za matope, ambamo dereva alinishusha kusukuma mara nyingi kuliko alivyonibeba, nilifika kwake na tope mpaka kwenye kola.

Hakuniuliza habari za safari.

"Majina. Kuna mutu aliyaona?"

"Hapana, Maman."

"Unajua, ao unatumaini?"

"Najua." Nikamtolea karatasi nilizochapisha, hodi baada ya hodi, zote zimekataliwa. Alivaa miwani yake yenye uzi, akazisoma zote, ukurasa hata ukurasa, ingawa nusu ya maandishi hakuyafahamu. Ndipo nikamwambia kosa lilikuwa la nani. Nilisema haraka, jinsi mtu anavyobandua plasta.

Alikunja karatasi. "Bon. Kwa phonie uliniita mutu wa kuazimisha mot de passe, mbele ya province yote. Ni kwa phonie utasema hii."

"Maman, si tungeandika barua..."

"Barua haisikilikane Yahuma."

Nilisimama kwenye chumba cha redio cha Opala nikasema kwamba mimi, Deo, mwenye dhamana ya mtandao, nilifungua lango lisilo la Opala nikaliita Opala, na kwamba Maman Albertine hakumpa mtu kitu. À vous. Nilitarajia kicheko. Ikaja sauti ya yule bwana.

"Hapa Yahuma. Tumesikia mwanzo tu. Rudilia, na uongeze sauti. À vous."

Nilirudia. Mpaka leo naamini alisikia yote mara ya kwanza.

Kazi tuliyoifanya baada ya hapo ndiyo mnayoitumia hadi sasa. Kila kompyuta ya nje ikapewa ufunguo wake wa siri. Kompyuta inapita kwanza kwenye njia ya faragha mpaka ofisini kwetu, na kutoka ofisini ndipo inaelekea kwenye hifadhidata. Kwenye orodha ukabaki mstari mmoja tu, anwani ya dishi letu. Simu ibadilike, anwani ibadilike, haidhuru; kompyuta ikiibiwa, mnafuta ufunguo wake na wengine wanaendelea na kazi. Nilifanya hivyo Opala, kisha Bengamisa, kisha Yahuma, ambako nilimtafuta yule bwana wa redio nikamkuta ni mtu mdogo, mkarimu, aliyenikaribisha liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, na hakutaja lolote.

Lakini Maman Albertine hakuridhika na ufunguo. "Mulango yako ni muzuri, Papa. Lakini mwizi hawezi kuiba kitu haiko mu nyumba." Alitaka majina yatoke. Kwenye mtambo zibaki namba tu, na kitabu kinachosema namba fulani ni nani kirudi kabatini, chini ya kufuli. Dawa hazijali jina, alisema. Zinajali hesabu ya vidonge. Nilikuwa na diploma na miaka ishirini ya kazi, na wazo hilo halikuwa limenijia.

Tulikaa siku nzima mezani kwake. Yeye alisoma namba kutoka kitabuni, mimi nikafuta jina na kuweka namba. Kwa miezi minane nilikuwa mlinzi wa nyumba ambayo sikuwahi kuchungulia vyumba vyake. Sasa majina yalipita mbele yangu moja moja, na katikati ya mchana likapita moja ninalolijua. Si la Opala. Mtu wa kwetu, Kisangani, aliyesafiri mbali hivyo kila mara ili asionekane kwenye foleni ya karibu.

Nilichelewa kulifuta. Maman Albertine aliinua macho.

"Umesoma?"

"Sina miwani, Maman."

"Iko kwenye pua yako."

"Basi sijasoma."

Akasoma namba iliyofuata. Jioni tulipomaliza, alifunga kabati, akanipa mfuko wa samaki wa kukaushwa, na kwa mara ya kwanza hakuniita Papa Ingénieur. Aliniita Papa Deo.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho, niliketi na Gracia, ambaye sasa ndiye mlinzi wa lango. Nilimwambia kitu cha kwanza atakachofanya ni kufuta ufunguo wangu. Akasema, "Papa, si tungengoja kidogo, labda tutakuhitaji?" Nikamfungulia daftari la kumi na moja, mstari wenye jina langu mwenyewe. Nani, anatokea wapi, anataka nini. Sehemu ya hadi lini nilikuwa nimeijaza siku niliyojipa ufunguo huo: hadi nitakapoondoka. Aliufuta mbele yangu. Nilipofika nyumbani nilijaribu kuingia, kwa kuhakikisha tu. Nilikataliwa. Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile. Nikamwita mke wangu aje aone kazi ya mwanafunzi wangu.

Sasa nina wakati. Asubuhi nakwenda sokoni, na watu wananisimamisha, na mimi nawaeleza habari za dishi, za panya, za Dar es Salaam. Wanaonijua wanajua kwamba hadithi zangu hazina mlango. Jumamosi iliyopita nilikutana na yule mtu ambaye jina lake sikulisoma. Alikuwa amenunua ndizi, ana afya, mashavu yamejaa. Tulisalimiana, tukaongea juu ya mvua na bei ya mafuta, akaniuliza kama ni kweli kazi yangu ilinipeleka mpaka Opala.

"Ilinipeleka," nilisema. "Njia mbaya sana."

"Na ulifanya nini kule mbali vile?"

Nina hadithi nzuri ya Opala. Mmeisoma hapa, na nimeisimulia mara nyingi na kwa sauti kubwa. Nilimwambia kwamba nilikwenda kutengeneza redio, nikamsaidia kubeba ndizi mpaka kwenye pikipiki.